Jamaa wa Kapeti Aliyesema Watu Kama Yeye Watafungwa

Mkurugenzi wa kampuni kubwa akisimama mbele ya kamera, kwa kawaida tunajua atasema nini. Atasifu wafanyakazi, ataonyesha picha ya mti uliopandwa, atasema kampuni inajali mazingira, halafu atatabasamu. Ray Anderson hakufuata hiyo njia. Kwenye filamu ya The Corporation, iliyotoka 2003, huyu mzee kutoka Georgia, Marekani, mwenye suti nadhifu na sauti ya upole kama ya mhubiri, alijiita mporaji wa dunia. Akaongeza kwamba iko siku watu kama yeye watatupwa jela kwa kazi wanayofanya.

Na kumbuka hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mwenye kiwanda. Alitengeneza kapeti za ofisi, akauza duniani kote, akaomoka.

Namleta hapa kwa sababu siku hizi neno "mzunguko" liko kila mahali. Uchumi wa mzunguko huku, uchumi wa mzunguko kule. Liko kwenye mabango, kwenye ripoti za benki, kwenye mikutano ya hoteli kubwa za Nairobi. Limezoeleka mpaka wengi wetu tunadhani maana yake ni kuokota chupa ufuoni Jumamosi ukiwa umevaa tisheti ya kampuni fulani. Historia ya Anderson inaonyesha kwamba swali lenyewe ni gumu kuliko hapo: kitu kikishazeeka, ni cha nani?

Kijana wa mji mdogo

Anderson alizaliwa 1934 huko West Point, mji mdogo Georgia. Alisoma chuo cha Georgia Tech kwa ufadhili wa mpira, ule wao wa Kimarekani, akamaliza uhandisi 1956. Akaajiriwa kwenye viwanda vya nguo na mazulia. Alikuwa amepanda cheo vizuri tu, kazi iko, mshahara uko. Lakini kuna bidhaa aliyoiona Uingereza ikamkosesha usingizi: kapeti iliyokatwa vipande vya mraba.

Unaweza kuuliza, sasa hiyo ni nini ya kukosesha mtu usingizi? Hebu fikiria ofisi. Kapeti ya kawaida ni kipande kimoja kikubwa. Mtu akimwaga chai karibu na mlango, ama sehemu ya kupita watu ikichakaa, unang'oa yote. Vipande vya mraba unatoa kimoja, unaweka kingine. Na ofisi za wakati huo zilikuwa zinaanza kujaa kompyuta na nyaya za kupita chini ya sakafu. Fundi akitaka kufikia waya, anainua vipande viwili vitatu, anamaliza, anarudisha.

Mwaka 1973 Anderson aliacha kazi, akaungana na kampuni ya Uingereza, wakaanzisha Interface katika mji wa LaGrange, Georgia. Miaka 20 baadaye Interface ilikuwa ndiyo kubwa zaidi duniani kwenye hiyo biashara ya kapeti za vipande.

Sasa kapeti hiyo inatokana na nini? Nyuzi za juu ni nailoni, na nailoni inatoka kwenye mafuta, yaleyale yanayotoa petroli. Sehemu ya chini ni plastiki na gundi, nayo ni mafuta tena. Moto wa kiwanda, mafuta. Lori la kusafirisha, mafuta. Halafu baada ya miaka kadhaa ofisi inabadilisha rangi ya ukuta, kapeti inang'olewa, inatupwa jalalani, na huko inakaa miaka na mikaka kwa sababu hakuna mdudu anayekula nailoni. Chimba, tengeneza, uza, tupa. Hivyo ndivyo biashara ilivyokuwa, na hakuna mtu aliyeona shida.

Mwaka 1994

Shida ilianzia kwa wateja. Watu wa mauzo walianza kurudi ofisini na swali ambalo hawakuwa na jibu lake: kampuni yenu inafanya nini kuhusu mazingira? Kikundi cha wafanyakazi kikaundwa, kikamwomba bosi aje awape dira. Anderson alikuwa na miaka 60. Baadaye alikiri waziwazi kwamba dira hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kutii sheria. Serikali ikisema fanya hivi, tunafanya hivi, basi.

Wakati huohuo kitabu cha Paul Hawken, The Ecology of Commerce, kikafika mezani kwake. Ndani yake kuna kisa cha kisiwa cha St. Matthew, kwenye bahari ya Bering, karibu na Alaska. Mwaka 1944 wanajeshi wa Marekani walipeleka huko kulungu 29 wa nchi za baridi, wale unaowaona kwenye kadi za Krismasi. Chakula kilikuwa tele, simba hakuna, mbwa mwitu hakuna. Kulungu wakazaana. Kufikia 1963 walikuwa karibu 6,000. Lakini chakula chao kikuu ni mmea mdogo unaoota polepole sana juu ya mawe, na walikuwa wameumaliza. Baridi kali ikaja. Watafiti waliporudi 1966 walihesabu 42 tu walio hai.

Anderson alisema kusoma kitabu hicho kulikuwa kama kuchomwa mkuki kifuani. Alijiona ndani. Kiwanda chake kilikuwa kinakula kitu kisichorudi.

Akaenda mbele ya kile kikundi na kuwaambia kampuni italenga kutochukua chochote kutoka ardhini ambacho ardhi haiwezi kukirudisha haraka. Baadaye lengo likapewa jina, Mission Zero, na mwaka wa mwisho: 2020. Wengine walidhani mzee amechanganyikiwa. Na tuseme ukweli, ukiwa na kiwanda kinachoishi kwa mafuta, halafu mwenye kiwanda aseme mafuta basi, hata wewe ungeuliza kama amelala vizuri.

Bomba nene, pampu ndogo

Hatua ya kwanza haikuwa mashine mpya ya ajabu. Ilikuwa kuacha kupoteza. Na Anderson alipanua maana ya kupoteza: chochote ambacho mteja hafaidiki nacho ni upotevu. Vipande vilivyokatwa vibaya, moto unaotoka bure kwenye dohani, hata barua iliyotumwa mahali pasipofaa.

Kuna mfano mmoja ambao kila mwanafunzi wa uhandisi angefundishwa. Interface ilikuwa inajenga kiwanda Shanghai miaka ya 1990. Mchoro wa kwanza ulihitaji pampu zenye jumla ya nguvu za farasi 95 kusukuma mafuta ya joto kwenye mabomba. Mhandisi wao, Jan Schilham, akafanya mambo mawili ambayo ukisikia unashangaa kwa nini hayakufanywa zamani. Akatumia mabomba manene badala ya membamba, ili mafuta yapite bila kusuguana sana. Na akapanga mabomba kwanza, yawe mafupi na yaliyonyooka, ndipo akaweka mashine. Kawaida mashine zinawekwa kwanza, halafu mabomba yanazunguka kona kama mat inayokwepa askari. Matokeo? Nguvu za farasi 7. Kutoka 95 hadi 7, bila teknolojia yoyote mpya.

Kufikia mwaka 2009 Anderson alikuwa anasema hiyo vita dhidi ya upotevu peke yake imeokoa kampuni zaidi ya dola milioni 400. Alisema pia kwamba tangu aanze, mauzo yalikuwa yamepanda kwa theluthi mbili na faida imekuwa mara mbili. Hapa ndipo wafanyabiashara wenzake walianza kumsikiliza. Mkuki kifuani hawakuuelewa, lakini hesabu walielewa.

Ubunifu pia ulibadilika. Mwaka 2000 mbunifu wao David Oakey alitoa kapeti iliyoitwa Entropy. Timu yake ilienda msituni kuangalia ardhi inavyofunikwa na majani. Hakuna majani mawili yanayofanana, hakuna aliyeyapanga, na bado sakafu ya msitu inapendeza. Wakatengeneza vipande ambavyo kila kimoja kinatofautiana kidogo na kingine. Faida yake ni kwamba fundi anaweka kipande upande wowote, vinavyobaki vinatumika, na kipande kipya kikiwekwa kati ya vilivyozeeka hakionekani kama kiraka. Mteja hana haja ya kubadilisha chumba kizima.

Kapeti ya kukodi iliyogoma

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo naipenda zaidi, na ni sehemu ambayo mambo hayakuenda.

Anderson alifikiria hivi. Mtu wa ofisi hataki kapeti. Anataka mahali pa kukanyaga pasafi, pa rangi nzuri, pasipo kelele. Kwa nini basi anunue kapeti? Mwache alipie huduma kila mwezi. Kapeti ibaki mali ya Interface. Kipande kikichakaa, Interface inakuja kukitoa na kuweka kingine. Na kwa sababu ni mali yake, Interface yenyewe italazimika kutafuta njia ya kukitumia tena. Mpango uliitwa Evergreen Lease, na mteja wa kwanza, 1995, alikuwa kampuni ya gesi ya Southern California kwa jengo lake la Downey.

Umeona ujanja uliomo? Ukiuza kapeti, ikiharibika haraka ni faida kwako, kwa sababu mteja atarudi kununua. Ukikodisha, ikiharibika haraka ni hasara yako. Hiyo peke yake inabadilisha jinsi mhandisi anavyofikiria asubuhi anapoingia kazini.

Lakini wateja wakakataa. Wachache sana ndio waliosaini. Sababu hazikuwa chuki ya mazingira. Zilikuwa za kawaida kabisa. Kwenye kampuni nyingi pesa za kununua kapeti zinatoka mfuko mmoja na pesa za kuisafisha zinatoka mfuko mwingine, na wenye mifuko hiyo hawaongei. Ukimwonyesha mtu bei ya mwezi yenye kila kitu ndani, anaona ni ghali, ilhali akinunua anasahau gharama za kusafisha. Wahasibu nao wakauliza swali la kuua: mkataba ukiisha, hiyo kapeti kuukuu ina thamani gani? Jibu lilikuwa karibu sufuri. Gari la kukodi likirudi bado ni gari. Kapeti ikirudi wakati ule ilikuwa takataka.

Hapo ndipo wazo zuri liligonga ukuta. Huwezi kufunga mzunguko kama kinachorudi hakina maana kwa anayekipokea.

Kilichofuata ni kazi ya miaka mingi isiyo na picha za kuvutia. Ilibidi wapate mashine za kutenganisha nyuzi za juu na plastiki ya chini bila kuzichanganya, kwa sababu zikichanganyika huna kitu. Kufikia 2007 walikuwa wanaweza kufanya hivyo kwa kiwango cha biashara. Halafu ilibidi wapate mtu wa kununua hizo nyuzi na kuzirudisha ziwe nailoni mpya. Kampuni ya Italia inayotengeneza nyuzi, Aquafil, ndiyo iliyofanya hivyo. Anderson mwenyewe alifariki Agosti 2011 kwa saratani, na mwaka uliofuata kampuni yake, pamoja na Aquafil na Shirika la Wanyama la London, ZSL, wakaanza mradi huko Danajon, Ufilipino. Wavuvi wa vijiji walikusanya nyavu za nailoni zilizotupwa baharini na ufuoni, wakaziuza, na zikageuka nyuzi za kapeti. Unaona tofauti? Wavu uliochoka ulikuwa umepata bei, na kitu chenye bei hakitupwi ovyo.

Mwaka 2019 Interface ilitangaza kwamba imefikisha Mission Zero, mwaka mmoja kabla ya muda. Pongezi wanastahili, lakini tusome taratibu. Bado haikuwa inatengeneza kapeti zote kwa malighafi ya zamani peke yake. Na iliposema kapeti zake hazina mzigo wa kaboni, sehemu ya hesabu hiyo ilitokana na kununua hati za kaboni kufidia kilichobaki. Na huko Marekani kwenyewe, kapeti nyingi za kampuni zote kwa jumla bado zinaishia jalalani. Mtu mmoja alisukuma kiwanda kimoja mbali sana. Sekta nzima haikumfuata.

Sisi tulikuwa nayo

Msomaji wa Umoja ama wa Nyali atasema, sawa, hiyo ni ya wazungu na kapeti zao, inanihusu nini?

Inakuhusu kwa sababu mfumo ambao Anderson alihangaika nao, ule wa kitu kubaki mali ya kampuni hata kikiwa mkononi mwako, Kenya tulikuwa nao kwenye kila duka la mtaa. Soda ya chupa ya kioo. Waulize wazazi wako. Ulikuwa unatumwa dukani na chupa tupu, na bila chupa tupu unaacha pesa ya chupa ama unakunywa ukiwa umesimama palepale mlangoni chini ya macho ya mwenye duka. Ulinunua soda, chupa hukununua. Chupa ilirudi kwenye krete, krete ikarudi kwenye lori, lori likarudi kiwandani, chupa ikaoshwa na kujazwa upya. Hakuna aliyeiita uchumi wa mzunguko. Hakuna aliyepewa tuzo. Na mtaroni hukukuta chupa ya soda ya kioo, kwa sababu mtoto yeyote angeiokota mbio na kuipeleka dukani.

Kioo hakijaisha, bado kipo, na chupa za bia bado zinarudi na krete zake. Lakini angalia mtaro wowote Nairobi baada ya mvua. Kilichojaa pale ni plastiki. Chupa ya plastiki ni nyepesi, haivunjiki, lori linabeba nyingi, na muhimu zaidi, haihitaji kurudi. Kwa kampuni hiyo ni nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo haikutoka hewani. Gharama ya kurudisha chupa ilitoka kwa kampuni ikahamia kwa kaunti, kwa mtaro wa mtaa wako, na kwa msee anayechambua taka Dandora bila glavu akilipwa kwa kilo.

Na ubunifu wa kutumia tena hatukosi. Akala zimetokana na tairi kuukuu tangu zamani. Gikomba mafundi wa jua kali wanageuza mapipa kuwa masanduku. Majiko yetu ya makaa yanatengenezwa kwa bati chakavu. Nzambi Matee, mhandisi kijana, anageuza plastiki na mchanga kuwa matofali ya kutandika njia, na 2020 Umoja wa Mataifa ulimtambua miongoni mwa mabingwa vijana wa dunia. Hao wote ni watu wa kuheshimiwa.

Lakini wote wanashughulikia taka za watu wengine. Hapo ndipo mimi natofautiana na mabango. Tumejengwa kuamini kwamba uchumi wa mzunguko ni kazi ya fundi, ya kijana mbunifu, ya mama mboga anayekataza karatasi za nailoni, na ya wewe unayeambiwa uchambue taka nyumbani. Ray Anderson hakuanza na taka za mtu mwingine. Alianza na zake. Alisema kapeti niliyoiuza ni jukumu langu mpaka mwisho, na akakubali kupoteza pesa akijaribu njia ambazo nyingine zilikataa.

Sheria ya Kenya imeanza kuelekea huko. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, dunia ilitushangaa, na mifuko ile myembamba ikapungua sana mitaani. Halafu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikasema mzalishaji anawajibika kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa na kutumika. Kwenye karatasi, hilo ni wazo la Anderson limekuwa sheria. Lakini kwa Anderson ilichukua zaidi ya miaka 10 ya uhandisi ili kapeti kuukuu ipate thamani. Kulipa ada na kuweka nembo ya kijani kwenye chupa hakutoshi. Chupa tupu lazima iwe na bei ya kutosha ili irudi yenyewe, kama ile ya kioo ilivyorudi.

Kwa hivyo mkurugenzi yeyote akija kutuambia yeye ni bingwa wa uchumi wa mzunguko, tusimtukane, tumuulize mambo matatu. Bidhaa yako ikiisha kutumika inarudi kwako, ama inaenda Dandora? Ni nani analipa safari ya kurudi, wewe ama mokotaji? Na ikiharibika haraka, wewe unapata ama unapoteza?

Akijibu vizuri, tumpigie makofi hata kama kiwanda chake hakijafika sufuri, kwa sababu hata cha Anderson hakikufika kirahisi. Akianza kutuonyesha picha za miti, tumuulize mara ya pili.